Mashine Inayomwogopa Shemeji

Mimi simwamini fundi ambaye kitu kinapona akiwepo yeye tu. Fundi wa hivyo ana lake jambo.

Kompyuta yangu ni ya zamani, na ndiyo inayonilisha: naunganisha video za harusi sebuleni kwangu, hapa mtaani Picha ya Ndege. Ilipoanza kuchoka, shemeji yangu, mume wa dada, aliniletea kadi ya video iliyotumika kutoka dukani kwake Kisarawe, akaichomeka mwenyewe. Siku ile picha zilikwenda kama maji. Alipoondoka tu, zikaanza kukwama. Bibi harusi wa Kongowe ananyanyua mguu leo, anaushusha kesho.

Nikampigia. Akaja, akamwamkia mama yangu ninayeishi naye, akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akawasha. Ikakimbia. Akaondoka, ikalala. Akaja tena, hivyo hivyo.

"Shemeji, hii kadi nzima kweli?" nikamuuliza.

Akajibu huku anatazama sakafu, "Kadi nzima, shemeji. Labda joto."

Labda! Fundi gani anasema labda? Nikaamini kabisa kwamba kanipa kimeo, na kila akija anaichezea ili niichoke, ninunue mashine nyingine dukani kwake. Nikafuta programu ya ile kadi, nikaiweka upya, wapi! Nikamwambia dada kwenye simu kuwa mumewe mjanja mjanja. Akakata. Nilikuwa nimebakiza kumwambia mama tu, na mama akishamtoa mtu moyoni hamrudishi.

Alipokuja mara ya mwisho niliapa kumvizia. Nilimkodolea macho tangu anashika bisibisi hadi anaiweka mfukoni, sikuona kitu. Kawaida mimi humsindikiza mgeni mpaka barabarani. Safari hii nikamuaga mlangoni, nikarudi kukaa mbele ya mashine nione inavyobadilika.

Mama akaja na kitambaa chake cha kufuma, kile kizito chenye maua, ambacho shemeji hukikunja na kukiweka kitini kabla ya kufungua. Akakitandika juu ya kompyuta, pale pale kwenye matundu ya kutolea joto, akanyoosha pembe, akaweka na chombo cha maua ya plastiki. Kwetu redio, friji, televisheni, vyote huvikwa. Nimekua navyo, hata sivioni. Haukupita muda picha zikaanza kuburuta miguu. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa, pamoto kama kikaango. Kadi ilikuwa inajipunguzia mwendo isiungue.

Nikampigia shemeji akiwa bado njiani. "Ulijua?"

"Nilijua. Sasa mimi nimwambie mama mkwe kitambaa chake kinaharibu mashine?"

"Si ungeniambia mimi!"

"Wewe? Ungemwambia mama kwamba shemeji ndiye kasema."

Kweli ningesema hivyo, tena kwa sauti. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikakitoa kitambaa. Mama akanitazama kama niliyevunja sahani za wageni.

"Nani kasema kitolewe? Mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Nilijua," akasema, akakichukua mkononi mwangu. "Yule ana adabu."