Gari lililofungwa zizini

Jumamosi nilikuwa Susuni kwa rafiki yangu mwalimu, ambaye gari lake la otomatiki lilikuwa linasitasita kuondoka. Alikuwa ameazima geji ya kupima presha ya mafuta ya gia boksi, na fundi alishampa masharti manne kwa simu: zuia magurudumu kwa mawe, vuta hendibreki, kanyaga breki bila kuachia, na mtu yeyote asisimame mbele.

Baba yake, mfugaji wa siku nyingi, alisikiliza huku ameegemea fimbo.

"Kitu kinachonguruma hakizuiwi kwa mawe, mwanangu. Kinafungwa."

Akaleta kamba ya dume, akaifunga nyuma ya gari, na ncha ya pili kwenye nguzo ya lango la zizi. Mwalimu alinitazama, akaingia garini. Baba ni baba.

Injini ikawaka, gia ikaingia. Mwalimu akainamia geji, hakuona namba, akapapasa miwani, na mguu ukalegea kwenye breki. Gari liliruka mawe, likaenda hatua mbili, nguzo ikang'oka na lango likalala chini.

"Mnaona?" mzee akasema. "Lingefika barabarani."

Kweli gari lilisimama. Waliofika barabarani ni ng'ombe.

Ndiyo maana nasema, fundi akikupa masharti manne, usiongeze la tano.

Jioni fundi alipiga simu. "Mwalimu, imesoma ngapi?"

Mwalimu alikuwa bado amesimama penye lango, na fimbo ya baba yake mkononi.

"Kumi na moja," akajibu, "na ndama mmoja hatujamwona."