Nilimpa mtani wangu siri ya binti yangu, akaifanya kichekesho

Mpendwa msomaji wa ukurasa huu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama wewe ni mdogo wangu basi hujambo mwanangu. Jina langu lifiche, maana hapa Nkuhungu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, shule niliishia darasa la nne, mkiona nimeandika vibaya mnivumilie. Nauza karanga na mafuta ya alizeti sokoni tangu baba watoto alipopunguzwa kazini, shirika lao lilipouzwa.

Nina binti wa miaka kumi na tano, nitamwita Chiku. Ni mtoto mzuri, kazi anajua, ila watu anawaogopa. Mgeni akipiga hodi, yeye huyoo, yuko nyuma ya nyumba. Shuleni mwalimu akimuuliza swali anasimama tu, machozi yanamlengalenga. Nikawa nawaza, mimi nikifa leo, huyu atamwambia nani shida zake?

Siku moja nimerudi mapema nikasikia maongezi jikoni. Nikafurahi, nikajua kapata wageni. Kuchungulia, namkuta mwanangu kapanga ndoo za maji kwa mstari, kasimama anazitazama. "Hamjambo wenzangu? Mimi naitwa Chiku. Naomba kucheza na ninyi." Ananyamaza kidogo, kama vile ndoo zinamjibu, halafu anaanza upya. Nikarudi kwa kunyata, nikakaa uani nikalia.

Sasa nina rafiki yangu, Mama Zuhura. Yeye ni Mnyamwezi wa hapahapa mjini, mimi Mgogo, kwa hiyo ni watani. Akipita kwenye meza yangu ananiita "mtumwa wangu", anachota karanga anafunga kwenye kanga, anaondoka. Na mimi naenda kwake nakamata kuku, hanifanyi kitu. Mama yangu alipofariki ndiye aliyevaa gauni la marehemu akaiga mwendo wake, mpaka sisi tuliokuwa tunalia tukacheka. Siku ile nilimpenda kuliko ndugu zangu.

Mama Zuhura alianzisha kikundi cha vijana mtaani. Jumamosi wanacheza mpira wa pete, wanaigiza, wanafundishwa kusimama mbele za watu na kuongea, mara mojamoja wanakwenda matembezi. Nikampeleka Chiku. Na ili aende naye taratibu, nikamweleza habari ya ndoo. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mwenzangu, hili nimekwambia wewe tu, hata baba yake hajui." Akanijibu, "Mtoto wako si wangu?"

Na kweli mtoto alifunguka. Anarudi anasimulia mpaka ugali unapoa. "Mama, leo nimefunga goli, wamenibeba!" Akapata na rafiki, Neema. Jamani, kumsikia mwanangu anaitwa nje na mwenzake, nilijiona tajiri.

Ndipo ikaja safari ya Mpwapwa. Nikamkaangia maandazi, nikamtafutia viatu vya mtumba, akapanda lori na wenzake anaimba. Jioni akarudi bubu. Kapita moja kwa moja kulala.

Neema ndiye aliyenieleza. Wamepanda kilima, wamekula, kila mmoja akaambiwa asimame aseme jina lake na kitu anachokipenda. Zamu ya Chiku ikafika, kasimama, kaanza vizuri kabisa. Mama Zuhura akadakia: "Tulieni, tulieni! Huyu Mgogo msimwone hivi, kwao ni mhutubiaji! Anahutubia ndoo! Ndoo zinampigia makofi!" Vijana hoi kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ndoo!" Njia nzima wakarudi wanagonga bodi la lori kwa viganja. Sasa hivi akienda bombani wanagonga ndoo, basi anageuka bila maji.

Nilikwenda kwa Mama Zuhura, hata hodi sikupiga.

"Mama Zuhura, umeniua."

"Nimekuua na bado unapiga kelele, mtumwa wangu?"

"Siri niliyokupa imekuwa utani?"

"Sasa Mgogo anamkasirikia Mnyamwezi tangu lini? Nilitaka mtoto azoee kuchekwa, dunia ndiyo hii. Haya, kamata yule kuku mwekundu yaishe."

Kuku! Niligeuka nikaondoka. Kumweleza baba watoto, naye ananiambia, "Mtani hanuniwi. Ukinuna, mbaya utakuwa wewe." Majirani hivyohivyo. Wote wananicheka, eti nimeanza kusahau mila.

Siku kadhaa zikapita, Chiku akaniuliza, anachambua mchele, hata hanitazami: "Mama, yule ni mtani wako. Mimi nilikuwa namwita mwalimu. Na habari za ndoo alizipata kwa nani?"

Juzi Mama Zuhura kaja mezani kwangu. Anasema vijana wataigiza mbele ya wazazi, anamtaka Chiku. Nikamwambia kwanza asimame mbele ya vijana walewale amwombe mtoto msamaha. Akasema mtani hamwombi mtani msamaha, nikimlazimisha nimevunja utani wa babu zetu, na siku yangu ya kufa nisitegemee wa kuwachekesha wanangu. Huku anaongea, mkono wake umo kwenye karanga zangu. Nimeuangalia ule mkono, nimeshindwa kuutoa.

Jana nilirudi mapema makusudi, nikanyata mpaka mlango wa jikoni nisikilize. Kimya. Ndoo zote kazigeuza, midomo chini.

Wasomaji, hasa ninyi mnaoishi na watani, niambieni. Niuvunje utani ili mwanangu aone niko upande wake, au nicheke na wenzangu nimpoteze akiwa humuhumu ndani? Nishike lipi, jamani?