Jiliwa la Kufungia Nzi wa Manyoya

Watu wanaoniona leo nimekaa mbele ya fremu zangu za maduka hapa Tunduma hudhani nilizaliwa na funguo mkononi. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini nipe kitu chochote chenye skrubu, niachie siku mbili, nitakwambia aliyekitengeneza alikuwa anawaza nini. Hiyo ndiyo elimu yangu, na imenijengea nyumba mbili.

Kwanza nieleze nzi wa manyoya ni kitu gani, maana hata mke wangu alinishangaa. Ni ndoano ndogo ya kuvulia samaki, ndogo kuliko kucha ya mtoto, inayovalishwa uzi na manyoya ya kuku hata samaki akiiona majini anajua huyu ni mdudu. Anamrukia, kwisha habari. Wazungu wanaovua kwa starehe hawataki chambo cha minyoo. Wanataka huyo nzi, na wanamlipia kuliko mtu mwenye akili timamu angelipia nzi.

Niliyajua hayo kwa sababu ya injinia mmoja wa barabara. Nilikuwa namwoshea gari kule Mbozi, na Jumapili alikuwa akipanda milimani upande wa Ileje na fimbo yake ndefu kutafuta vijito vya maji baridi. Jioni akikaa barazani kufunga nzi, mimi nilikuwa napangusa kioo kilekile cha gari mara tano ili nimwone vizuri. Macho yangu ndiyo yalikuwa shule. Alipomaliza mkataba aliniachia kopo la ndoano, vibunda vya uzi na mkasi mdogo. Kile chuma alichokuwa amekifunga ukingoni mwa meza, kinachoshika ndoano, aliondoka nacho. Wala sikukisikitikia. Nilidhani ufundi wote uko kwenye vidole.

Baada ya hapo nikaja mpakani kusukuma mkokoteni. Hiyo ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa, kila mtu anavusha kitu, huku sabuni, kule sukari. Siku moja nilimbebea mizigo mama mmoja wa Zambia aliyekuwa akipeleka vitu kwenye kambi za wageni wanaovua, kwao na hata kwenye milima ya kupakana na Malawi. Boksi moja likafunguka. Ndani nikaona nzi wamepangwa kama dawa za hospitali.

Nikamwambia, "Mama, hawa nawafunga mimi."

Akacheka mpaka akashika mkokoteni. "Wewe? Na mikono hiyo ya kusukuma?"

"Mikono hiihii."

Akanitazama, akaona sitanii. Akachagua mmoja wa kahawia, mwenye kola ya manyoya mekundu, akaniwekea kiganjani. "Haya. Nifungie kama huyu, ishirini na nne, wote sura moja. Mmoja akiwa mnene na mwingine kakonda, kambini wananirudishia. Narudi baada ya wiki mbili. Wakifanana, kazi ni yako, nawaacha wale wanaoniuzia kutoka mbali. Wasipofanana, tusipotezeane muda, mukwai."

Hilo neno mukwai kwao ni la heshima, lakini siku ile lilinichoma kama onyo. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kunigomea. Nikajiona nimekaa kwenye kiti, kivulini, nafanya kazi kwa vidole, na mkokoteni naupangisha kwa mwingine.

Nilipofika nyumbani nikajaribu. Nikaibana ndoano kwa koleo, koleo nikalibana kwa magoti, nikaanza kuzungusha uzi. Koleo likateleza, uzi ukalegea, manyoya yakakaa upande. Mke wangu akamshika yule nzi kwa ncha za vidole.

"Baba watoto, huyu ni nzi au kifaranga aliyenyeshewa?"

Ndipo nikakikumbuka kile chuma cha injinia. Kinaitwa jiliwa, mafundi wa gereji wanasema vaisi. Mke wangu alikuwa na pesa ya maharage yake, akanipa ingawa moyo ulimuuma. "Ununue mara moja tu," akasema. "Ukikosea, usiniangalie mimi. Nyingine sina."

Basi nikaanza kuchunguza vitu vinavyoshika. Ukishapata swali kama hilo kichwani, dunia nzima inakuwa meno. Niliangalia kibanio cha nguo kwenye kamba ya jirani: kinashika, lakini kinalegea ukikisukuma. Nikaangalia kufuli, nikaangalia koleo la fundi viatu, nikaangalia mama mmoja wa saluni anavyobana nywele, hadi akaniuliza kama natafuta mke wa pili. Nilitaka kujua: kitu kidogo kinashikwaje bila kufichwa? Maana ukikibana chote, utafunga wapi? Na ukikibana kidogo, kinachoropoka.

Na wakati huohuo nilikuwa nakusanya manyoya. Ya shingo ya jogoo mwekundu ndiyo yanafaa. Nikawa napita kila nyumba inayochinja, naomba shingo. Watu wakaanza kunong'ona juu yangu, kwa sababu huku kwetu mtu mzima anayetafuta jogoo mwekundu kwa siri anajulikana anampelekea nani. Bibi mmoja alinipa manyoya yote, lakini akanimwagia na maji ya chumvi.

Nikavuka mpaka kwa miguu, nikaenda Nakonde. Kwenye vibanda vya vitu vilivyotumika nikamkuta kijana mwenye jiliwa hasa la kufungia nzi. Limetoka kwenye nyumba ya mgeni aliyehama. Dogo, jembamba, mdomo umechongoka kama wa ndege, na bei yake niliimudu. Nikalishika.

Jepesi.

Hapo nataka msomaji anielewe. Sisi watu wa mpakani tulifundishwa na mali feki. Betri nyepesi ni feki, haimalizi wiki. Pasi nyepesi ni feki. Sufuria nyepesi inatoboka ukipika maharage mara ya pili. Kule Mlowo, wanunuzi wa kahawa wanapima gunia kwa kulinyanyua upande mmoja kabla ya kulipeleka kwenye mizani, na hawakosei. Kizito hakidanganyi, hiyo ndiyo ilikuwa imani yetu, na mimi nilikuwa hodari wa kupima kwa mkono kuliko wengi. Nikalirusha lile jiliwa juu kidogo, nikalidaka.

"Hili ni bati," nikamwambia.

"Ni chuma kizuri, mkubwa. Jaribu na ndoano."

"Mimi siwezi kudanganywa. Nimeanza kushika vyuma wewe hujazaliwa."

Akaangua kicheko, akalirudisha kwenye gunia. Sikujaribu na ndoano, na nilikuwa nayo mfukoni.

Siku ya pili nikapanda gari hadi Mlowo, kwa mzee mmoja wa gereji aliyekuwa anauza vyombo vyake. Jiliwa lake lilikuwa zito kama mtoto wa miaka miwili. Nikalinyanyua, mishipa ikasimama, nikafurahi. Mzee akaniuliza, "Kijana wangu, unataka kubana nini?"

"Ndoano."

"Ya mamba?"

Nikacheka naye, nikalipa pesa ya maharage yote, nikalibeba begani hadi stendi. Nilijiona mjanja njia nzima.

Nyumbani nikaligongomea mezani. Meza ikainama. Nikaweka ndoano kati ya midomo yake, kila mdomo mpana kama vidole vitatu, na ndoano ikapotea humo, kikabaki kitundu chake tu kinachungulia. Nikaisogeza pembeni, kwenye kona kabisa, nikakaza kidogo. Tik! Ikakatika. Nikaweka nyingine. Tik! Ndoano za injinia zilikuwa chuma kigumu, hazipindi, zinakatika. Kwa siku tatu nilivunja nusu ya kopo, na nilichopata ni nzi saba, kila mmoja na ulemavu wake. Nikawapaka rangi ya kucha ili uzi usifumuke, kama alivyokuwa akifanya injinia. Rangi ikakauka, na ulemavu ukakaukia humo.

Nikarudi mbio Nakonde kwa yule kijana. "Limekwenda," akasema. "Jamaa mmoja kalipeleka Lusaka. Yeye alilijaribu na ndoano."

Ningekuwa mtu mwingine ningerudi kwenye mkokoteni. Lakini mimi nikishindwa na kitu, kinaanza kunipendeza. Nikaanza kujiuliza upya: lile la injinia, mbona lilikuwa dogo na halikuvunja? Nikalichora chini kwa kijiti jinsi nilivyolikumbuka. Halikuwa linabana kwa nguvu za mtu. Lilikuwa na midomo miwili myembamba inayosukumwa kutoka nyuma, ikafungana polepole. Nguvu ndogo, mahali padogo. Nilikuwa nimenunua nguvu nyingi za mahali pakubwa.

Nikiwa bado na swali hilo, nikapita kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa fundi baiskeli njia ya kwenda sokoni. Alikuwa anapinda bomba la fremu kwa kulikanyaga na mguu. Na ukutani kwake kumening'inia keke ya mkono, ile ya kutobolea, ya kuzungusha kama unasaga nyama. Mdomo wake una meno matatu. Ukiuzungusha upande mmoja meno yanatoka, yanakutana mbele. Yanasukumwa kutoka nyuma!

"Shemeji," nikasema, "hiyo keke vipi?"

"Imekufa. Nikitoboa, inayumba."

"Nipe, nikupe jiliwa la kweli. Zito."

Akaacha bomba. "Lile ulilolibeba kutoka Mlowo? Dada yangu kalisimulia mpaka kanisani. Kwani nzi wamelikataa?"

"Nzi wameliogopa."

"Lete basi. Wewe ndiye utakuwa mtu wa kwanza kubadilisha ng'ombe kwa mkia na akaondoka anapiga mluzi."

Nilipiga mluzi kweli. Keke yenyewe ilikuwa na meno mapana mno kwa ndoano, hilo nililiona mapema. Nikachukua msumari mnene wa nchi sita, nikakata kichwa, nikaupasua ncha katikati kwa msumeno wa chuma, nikaisugua kwa tupa hadi ikawa midomo miwili myembamba. Nikauingiza kwenye keke. Nikatia ndoano katikati ya ule mpasuko, nikazungusha. Meno yakaubana msumari, msumari ukaibana ndoano, na ndoano yote ikabaki nje, imetulia kama imeota pale. Nikaisukuma kwa kidole ikalia tiii, haikutoka. Na msumari ni laini kuliko ndoano, kwa hiyo haukuivunja. Ukilika, unapasua mwingine. Duka gani halina msumari?

Halafu likatokea jambo ambalo injinia mwenyewe hakuwa nalo. Niliilaza keke juu ya ubao nikaifunga kwa bolti, nikavuta kipande cha tyubu ya baiskeli kikawa breki. Nikizungusha mpini kwa mkono wa kushoto, nzi anazunguka mwenyewe, na uzi mkono wa kulia unajilaza mstari kwa mstari. Kola ya manyoya inakaa duara. Sikuambiwa na mtu. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja alinionyesha kwenye kitabu cha bidhaa jiliwa linalozunguka, la bei ya kutisha, nikamwambia lile langu lilizunguka kabla sijajua kwamba kuna mtu analiuza. Hakuamini. Shauri yake.

Nikafunga wa kwanza, nikamweka kando ya yule wa mfano. Mke wangu akaja kuangalia, safari hii hakutaja kifaranga. Akachukua mmoja, akachukua mwingine, akawabadilisha mikononi, akauliza, "Wa kwake ni yupi?" Sijawahi kusifiwa hivyo, hata siku ya harusi.

Ndoano zilinitosha kufunga kumi na saba. Kopo likaisha. Nilitaka kuwavua wale saba vilema niwafunge upya, lakini rangi ya kucha ilikuwa imeshika kama saruji, na mama alikuwa anafika kesho yake. Nikawachanganya humohumo. Nikajisemea, kati ya ishirini na nne nani atawaona saba?

Mama akaja, akaketi juu ya gunia la bidhaa zake, akatandaza kitenge magotini akawamwaga wote. Akachukua nzi mmoja mmoja, akawa anavuta kola kwa kucha, anaweka kulia au kushoto. Mimi nimesimama mbele yake, na mkokoteni wangu uko pale nyuma unanisubiri. Alipomaliza, kulia walikuwa kumi na saba. Kushoto saba. Wale wale, hakukosea hata mmoja.

Akawaonyesha wa kushoto kwa kidevu. "Na hawa kawafunga nani?"

Midomo yangu ikafunguka kabla ya akili. "Mwanafunzi wangu, mama."

Akaniangalia, halafu akauangalia mkokoteni.

"Huyo mwanafunzi," akasema, "mfukuze kazi, mukwai. Ana haraka."

"Nimemfukuza, mama. Ameshaondoka."

"Basi vizuri." Akawafunga wale kumi na saba kwenye pindo la kitenge, akafungua mkoba, akanitolea pakiti nne za ndoano mpya.