Fahali wa Ukurasa wa Tisa

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Tarime, pamoja na jirani zetu wa Serengeti ambao tumekuwa tukipishana nao kwa mambo ya mifugo tangu enzi za mababu, mnatangaziwa kwamba katika kata ya Nyamisangura, nyuma ya bucha, ubavuni mwa mashine ya kusaga, anaishi msanii mkubwa. Bendera haijapandishwa. Mbunge hajaarifiwa. Msanii mwenyewe, wakati tangazo hili linaandaliwa, alikuwa anatafuta wembe wa kuchongea penseli huku akimtukana paka.

Anaitwa Mokami Zablon. Ni mwanamke mrefu, mkimya, na ana tabia ya kukutazama pua unapoongea naye, mpaka unajifuta. Alianza kazi kwa kuchora vichwa kwenye kuta za vinyozi. Vichwa vile vilikuwa vizuri kuliko kazi ya vinyozi wenyewe, na kinyozi mmoja alimwomba afute kimoja kwa sababu wateja walikuwa wanakinyooshea kidole na kusema, "Ninyoe kama huyu," na yeye hajui.

Baadaye akaanza kuchora katuni za gazeti moja la Mwanza. Alimchora diwani ambaye hakumtaja jina, tumbo tu. Madiwani wanne wakalalamika. Wa tano akaja mwenyewe hadi kwa Mokami, akasema amesikitishwa sana, na je, anaweza kupata nakala kubwa ya kuweka sebuleni?

Lakini kilichompa jina ni vitabu vya watoto. Watoto wa huku walikuwa wamezoea vitabu ambavyo mbuzi ana sura ya mbwa na mbwa ana sura ya mwalimu mkuu. Mokami akawaletea mbuzi mwenye macho ya mbuzi, yale ya dharau. Siri yake ni moja: hachori mnyama ambaye hajamwona. Kila mnyama kitabuni ana mwenyewe, mahali fulani. Jogoo wa kitabu cha kwanza alikuwa wa mama mkwe wa fundi cherehani, na alipochinjwa Krismasi, watoto wa shule waligoma kula.

Kwa ajili hiyo alikuwa anashinda mnadani, amekaa juu ya ndoo, anatazama ng'ombe. Sasa, huku kwetu mtu anayemtazama ng'ombe wa mwenzake kwa muda mrefu hajulikani kama msanii. Ana jina lingine, na mashahidi. Mara mbili alifukuzwa. Mara ya tatu aliokolewa na Abdurahmani, mwenye bucha iliyo mbele ya karakana yake, aliyepaza sauti mnadani pote: "Mwacheni huyo! Mimi ndiye ninayewatazama kwa nia mbaya!"

Kitabu chake cha nne, *Fahali Aliyegoma Kuvuka Mto*, kilisambazwa mashuleni mpaka Mugumu, huko Serengeti. Redio ya mkoani ikamwita. Mtangazaji akamwuliza kama wanyama wake anawatoa kichwani. Mokami, ambaye kwa kawaida hasemi maneno matatu bila kupumzika, siku hiyo akavimba kidogo. Akasema: "Kichwani sitoi kitu. Fahali huyu nilimwona kwa macho yangu, kila doa."

Wiki ile ile akashuka kwenye basi mzee mmoja, kofia ya pama, fimbo mkononi, na kitabu cha mjukuu wake kwapani. Alikuwa Mzee Nyangwine, kutoka kijiji kilicho jirani na Mugumu. Akaingia karakana bila kubisha.

"Shikamoo mzee," Mokami akasema.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Hakimu."

Akafungua ukurasa wa tisa, akauweka juu ya meza. Pale amesimama fahali mwekundu wa rangi ya udongo, pembe ya kushoto imeshuka kama kope ya mtu aliyesinzia, ubavuni doa jeupe lenye umbo la jembe lisilo na mpini.

"Tulimwita Hakimu," mzee akasema, "kwa sababu mafahali wengine wakipigana alikuwa anaingia katikati, na kesi imekwisha. Aliibwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nimemtafuta hadi nikachekwa. Juzi mjukuu wangu Nice ananisomea kitabu, namwambia, geuza nione picha. Nikakaa chini. Na redioni nimekusikia, binti yangu. Umesema ulimwona. Mimi sikugombezi. Nataka kujua wapi."

Mokami aliinjika birika, akasema, "Mzee, kunywa chai kwanza," jambo ambalo kwa Mkurya ni sawa na kusema mambo yameharibika.

Kwa sababu alijua wapi. Alikuwa na miaka tisa, nyumbani kwao Nyakunguru. Aliamka asubuhi akakuta fahali mgeni zizini kwa baba yake. Akachukua mkaa, akamchora kwenye ukuta wa jiko, mkubwa, na pembe yake ya usingizi. Ilikuwa picha yake ya kwanza duniani. Baba yake, Zablon, alipoiona alikoroga udongo, akaukandika ukuta wote siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache fahali hakuwepo tena. Mokami alikua akijua mambo mawili: kwamba aliwahi kumwona fahali mzuri kuliko wote, na kwamba picha yake ilikuwa mbaya kiasi cha kuzikwa. Zaidi ya nusu ya maisha yake amekuwa anachora ili auridhishe ukuta ule.

Alikuwa hajawahi kuunganisha mambo hayo mawili na wizi. Msanii mkubwa, tumekwisha kutangaza. Mpelelezi, hapana.

Na Zablon wa leo ni mzee wa kanisa. Ndiye anayesoma matangazo ya ibada, na ndiye anayenyamazisha watoto kwa jicho moja.

Mzee Nyangwine hakutaka polisi. Alitaka wazee. Kikao kikapangwa Jumamosi, na kwa kuwa karakana ni ndogo, kikakaa mbele ya bucha, kwenye mabenchi ya Abdurahmani. Kesi ya ng'ombe, chini ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia. Wazee kutoka Serengeti upande huu, wazee wa Nyakunguru upande ule, Zablon katikati yao amevaa koti la Jumapili. Na sisi wengine tuliokuja kwa moyo wa kupenda haki, na chai.

"Karibuni sana," Abdurahmani akasema akimimina. "Ng'ombe wakifika hapa kwangu huwa kesi zao zimekwisha. Huyu wenu ndiye wa kwanza kukata rufaa."

Siku mbili kabla, mchapishaji alikuwa amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Habari zilikuwa zimemfikia. Dawa yake ilikuwa nyepesi: toleo jipya fahali awe mweusi, basi. Mokami akamjibu kwamba akimfanya mweusi atakuwa ng'ombe mwingine, na huyo mwingine hajamwona. Kwa hiyo alikuja kikaoni na machaguo mawili tu. Akisema alimwona, ataulizwa wapi, na mzee wa kanisa ataondoka pale akiwa mwizi wa mifugo. Akisema hakumwona, basi aliongopa redioni, na kila mbuzi, kila jogoo, kila doa alilowahi kuchora linageuka porojo.

Msemaji wa wazee akamwelekezea fimbo. "Binti, sema mbele ya watu. Ulimwona wapi fahali huyu?"

Mokami akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakutazama pua ya mtu. Alitazama chini.

"Sikumwona popote. Nilimtunga."

Watu wakaguna. Mzee mmoja wa Nyakunguru akapumua kama puto.

"Na lile doa la jembe?" Mzee Nyangwine akauliza taratibu.

"Nalo nilitunga."

"Na pembe?"

"Na pembe."

"Kwa hiyo redioni ulikuwa unajisifu tu."

"Nilikuwa najisifu."

Mzee Nyangwine akafunga kitabu. Alikuwa amekuja na hasira ya miaka ishirini, ikatoka yote, na kilichobaki usoni kilikuwa kibaya zaidi ya hasira. "Basi siye yeye," akasema. "Nilidhani nimemwona."

Hapo ndipo Zablon aliposimama. Alifungua vifungo vya koti kwanza, vyote, kama mtu anayetaka kulima.

"Mokami, kaa chini."

"Tata, acha," akamwambia baba yake.

"Nimesema kaa. Mwanangu huyu hajawahi kuchora uongo, na hatauanza leo kwa ajili yangu. Alimwona kwangu. Zizini kwangu."

Kisu cha Abdurahmani kilisimama hewani.

"Aliletwa alfajiri na mtu niliyekuwa namheshimu. Marehemu sasa, simtaji. Akasema nishikie huyu siku chache. Sikuuliza. Mnajua wenyewe, mtu wa heshima akikuletea ng'ombe umshikie, kuuliza ni kumtukana. Lakini nilijua. Asubuhi nikakuta mtoto amemchora ukutani. Nikaangalia ile picha, nikaangalia yule fahali, nikashindwa kujua yupi ataanza kulia. Nikakandika udongo." Akamgeukia binti yake. "Wewe umekuwa ukifikiri ilikuwa mbaya. Mama yako aliniambia. Nikaacha ufikiri hivyo, kwa sababu ilinifaa. Haikuwa mbaya. Mtu yeyote akipita njiani angemtambua."

Mokami alichukua kikombe kisicho chake akanywa.

"Aliishia wapi?" Mzee Nyangwine akauliza.

"Walimpitisha Sirari, mpakani, akaingia Kenya."

Wazee wa pande zote mbili wakatikisa vichwa pamoja, kwa mara ya kwanza siku ile. Ng'ombe akishavuka Sirari anaanza kuongea Kiingereza. Humpati tena.

"Nitakulipa ng'ombe," Zablon akasema.

"Utanilipa, hilo halina mjadala, mimi si malaika," Mzee Nyangwine akajibu. Akafungua tena ukurasa wa tisa, akampapasa fahali shingoni kwa kidole gumba. "Lakini ng'ombe wako atakuwa ng'ombe wako. Huyu binti aje nyumbani. Nina ukuta."

Kwa hiyo Jumatano iliyofuata msafara ulielekea Mugumu. Zablon alikuja na fahali wa fidia, mnyama wa kawaida kabisa, mwenye pembe mbili zinazokubaliana. Akamkabidhi, akavua koti, akakoroga udongo. Alikandika ukuta wa mbele wa Mzee Nyangwine kwa mikono yake mwenyewe, akaulainisha mpaka ukang'aa kama sufuria jipya, halafu akasogea pembeni akampisha binti yake.

Mokami alichora. Mzee Nyangwine alikalia kigoda akitoa maelekezo yasiyohitajika. Nice na wenzake walipanga mstari. Hakimu akaanza kutokea ukutani: nundu, ubavu, lile jembe lisilo na mpini. Yule fahali wa fidia, aliyefungwa kando, akanyanyua kichwa, akamtazama mgeni wa ukutani, akarudi nyuma hatua mbili. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Nyangwine akajifuta macho akisingizia vumbi, na vumbi halikuwepo.

Nikaona huu ndio wakati wa kihistoria. Nikasogea mbele, nikasafisha koo, nikasema kwa sauti ya kutangazia uhuru: "Mokami binti Zablon! Polisi wameshindwa, sungusungu wameshindwa, wazee wameshindwa. Wewe ndiye mtu wa kwanza katika wilaya hizi mbili kumrudisha ng'ombe aliyeibwa hadi kwa mwenyewe, tena akiwa amesimama. Una neno gani kwa taifa?"

Hakugeuka. Alibonyeza ukuta kwa kidole, akakitazama.

"Udongo wa tata haujakauka vizuri," akasema. "Na wewe unanizibia mwanga."