Kisu cha Mpini Mnene

Mzee Mitego, kama wawindaji wenzake walivyomwita, aliingia dukani na bintiye kutafuta kisu cha porini, kile kisichokunjwa. Muuzaji akapanga vitatu juu ya kaunta.

"Usichague kwa macho, mzee wangu. Shika, usikie mpini."

Mzee akashika cha mpini wa mbao. Tangu apatwe na kiharusi, vidole vya mkono wa kulia havifumbiki vizuri, na kisu kikaanguka. Binti akachukua chenye mpini mnene wa mpira, akamfumbia vidole kimoja kimoja.

"Kinakaaje, baba?"

"Sijui, mwanangu. Mkono hauniambii kitu."

Muuzaji akaenda kuleta vingine.

"Chagua kinachokufaa wewe," mzee akasema.

Binti, ambaye hajawahi kuchinja hata kuku, akachukua kilicho kidogo kuliko vyote.