Injini ya Mjomba na Mpini wa Bibi

Likizo hii nimefika Hasamba nimechoka kama niliyetembea kwa miguu kutoka Vwawa, nikapitiliza hadi nyuma ya jiko. Mashine ya bibi ya kumenyea kahawa bado ipo. Nikashika mpini, nikazungusha. Ukazunguka bure, mwepesi kama kichwa changu kwenye kipindi cha hesabu. Kuku akatoka chini yake akilalamika.

Wewe uliyekulia huku Mbozi unaijua kazi ile. Kahawa iliyochumwa leo imenywe leo, la sivyo inachacha. Kwa hiyo enzi hizo tukitoka shule, wenzangu mpira, mimi mpini. Bibi anamimina, mimi nazungusha, maganda mekundu yanamwagika yakinukia utamu wenye uchachu, na nzi wanakuja kama wamealikwa. Nikilegea, bibi ananiambia, "Zungusha, mume wangu. Au nikaolewe kwingine?" Namjibu aende tu, ila aondoke na mashine yake.

Msimu mmoja bega la bibi likagoma, na mimi peke yangu sikufua dafu. Ndipo mjomba, mdogo wake mama, fundi pikipiki wa pale kijijini, akasema atatuundia injini. Tena si ya kawaida, injini yenye mbio. Alichukua pampu ya maji iliyokufa, akaitia pistoni ya pikipiki, kabureta akaagiza kwa ndugu zetu wa mpakani, Tunduma. Gasketi aliikata kwenye kopo la maziwa. Eksozi ikawa kipande cha bomba la kumwagilia bustani. Springi ya kurudisha waya wa mafuta aliing'oa kwenye kochi la jirani, na jirani mpaka leo anakaa kaegemea upande mmoja. Siku zile hata ugali ulinuka petroli.

Siku ya kuwasha, bibi alileta madebe yote yaliyochumwa tangu asubuhi.

"Mama, kaa pembeni upumzike," mjomba akamwambia, akavuta kamba.

Injini ikapiga chafya, ikanguruma, mbuzi wakakimbilia mahindini. Debe zima likamezwa kabla sijamaliza kucheka. Nikaanza kucheza, nikiuaga mpini.

Bibi hakucheza. Alichota kiganja cha kahawa kwenye ndoo, akaitazama, akamnyooshea mjomba. Punje zilikuwa zimekatikakatika kama chenga za kulishia vifaranga. Mashine ile ilizoea mwendo wa mkono, na kahawa iliyokatika hakuna anayeipokea. Mjomba akapunguza mafuta, injini ikazimika. Akawasha tena, ikakimbia tena. Ilijua mbio tu.

"Mwanangu," bibi akasema taratibu, "kahawa inakimbia kwenda wapi?"

Mjomba akafungua mkanda uliounganisha injini na mashine, akavua shati, akashika mpini. Tulipokezana mpaka giza likaingia, na hakuna aliyetania, hata mimi. Madebe yaliyobaki yakapona.

Injini aliondoka nayo kwenda Tunduma, akaifunga kwenye msumeno wa mbao, naye akabaki hukohuko. Mibuni imekatwa. Shamba zima sasa ni parachichi, hazimenywi wala hazimharakishi mtu jioni.

Bibi alinikuta nazungusha, akauliza namenya nini.

"Naangalia kama bado una mume," nikamwambia.

Akacheka, akarudi jikoni akishikilia bega lile. Nikazungusha tena. Mikono ilikuwa inausubiri ule uzito wa kahawa.