Mzizi Uliopanda Mlima

Felista Kasiva Wathome ni binti ya Wathome Kimanzi, aliyechimba matuta ya fanya juu kutoka kilima cha kanisa mpaka mtoni, akipita mashamba ya watu wote, kwa jembe lililoisha likabaki kama kijiko. Na Wathome ni mtoto wa Kimanzi Musau, aliyelisha nyumba saba wakati wa njaa kwa mtama aliokuwa ameufukia chini ya zizi, wala hakujisifu. Kasiva mwenyewe alisoma hadi darasa la saba, na kwa mikono yake akapanda mikau, miti ya mbao inayovumilia ukame, mia tatu na arobaini kwenye mteremko uliokuwa umewashinda hata mbuzi. Huku Kola, mtu akiwa na miti inayomkaushia maharagwe, haandiki barua kwa afisa wa misitu. Anamwita Kasiva aje amkatie mizizi.

Hilo watu wote wanalijua. Lakini kuna jambo moja ambalo hakulisema kwa miaka zaidi ya hamsini.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka wa sabini na moja, msichana, akafa siku ya pili. Siku hizo mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo alikuwa bado kiimu, yaani wa upande ule mwingine, hajawa mtu. Kwa hiyo hakuna aliyelia. Mama mkwe wake, Mwelu, mama ya mumewe Bartholomew, alimfunga kwa kitambaa, akatoka naye, akarudi na udongo kwenye kucha.

"Umemweka wapi, mwaitu?" Kasiva akauliza, maana ndivyo mama anavyoitwa kwetu.

"Mahali jembe halifiki. Wewe zaa mwingine."

Akazaa mwingine, Musyoka, na tangu hapo dunia nzima ikamwita Mama Musyoka, kana kwamba tumbo lake lilianzia pale. Mwelu akafa na siri yake. Kwa hiyo kila shimo lililochimbwa katika shamba lile, liwe la choo, la nguzo au la mche, Kasiva alilikaribia kwanza akatazama udongo. Watu walisema mama huyu anapenda udongo. Alichotaka ni kujua mahali, kabla naye hajawekwa chini.

Sasa, kazi ya mizizi ukiitazama kwa mbali ni mtu kuchimba mtaro tu. Lakini iko na wapi na iko na lini. Unahesabu hatua mbili kutoka shina. Unachimba mtaro unaomeza mkono mpaka kwenye kiwiko, karibu na mvua, si wakati wa jua kali. Mizizi inayotambaa juu juu, ile inayokwenda kuiba maji ya maharagwe, unaikata. Inayozama huigusi. Mti utanuna msimu mmoja, majani yawe madogo, na mwenye shamba aje kulalamika. "Ngoja," Kasiva humwambia. Mvua ikishanyesha, penye kidonda panaota mizizi mipya, myembamba kama nywele. Ile iliyokatwa inaoza huko huko chini, inaacha njia ambazo maji na nyungunyungu hupita. Baada ya miaka miwili unauchota udongo ule na unavunjika mkononi kama mkate, mweusi, na shina limenenepa. Lakini mti una pande nne. Mbili mwaka huu, mbili mwaka kesho. Ukiukata pande zote kwa pamoja, utakunywa na nini?

Na kabla ya kukata, Kasiva alikuwa na desturi ya kulaza sikio chini, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Alisema anasikia mti ukinyonya. Watu walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu amenyonyesha watoto wanne, na sauti ile hawezi kuifananisha na nyingine.

Mwezi wa kumi mwaka juzi alitaka kukata mizizi ya safu ya juu, miti kumi na minane, akaita mwethya, kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu. Wakaja wanawake kumi na mmoja na majembe. Mwethya una sheria zake, na moja ni kwamba haurudi nyumba moja mara mbili katika zamu moja. Ukiita, kazi iishe. Walipomaliza pande mbili jua lilikuwa bado juu, chai ilikuwa bado motoni, na mikono ilikuwa imeshapata moto.

"Mama Musyoka," akasema Mbinya, ambaye mdomo wake hauna mlango, "hizi pande zingine tumewekea nani? Zamu yako ikirudi mimi nitakuwa nimeshazikwa na nyimbo zimeimbwa."

"Pande mbili zinatosha."

"Aiya! Ananyoa kichwa nusu halafu anasema mteja aende nyumbani!"

Wakacheka wote. Kasiva alijua. Alijua kama anavyojua jina la baba yake. Lakini alikuwa amechoka, na aliona haya kuwarudisha wanawake kumi na mmoja nguvu zao zikiwa hazijaisha. Akasema, "Haya, malizeni." Wakamaliza.

Mvua ikachelewa wiki tano, na miti ikaanza kukauka kutoka kileleni. Kisha ukaja upepo kutoka upande wa Kangundo, siku mbili mfululizo, na miti ikalala mmoja mmoja, mizizi yake mifupi ikielekea juu kama vidole. Kumi na saba ililala. Ule wa tisa ukabaki umesimama.

Haukusimama tu. Ulikuwa na majani mabichi, mapana. Hata shina, Kasiva alipolipima kwa kamba, lilikuwa limeongezeka. Na alikuwa ameona kwa macho yake mtaro ukiuzunguka mti huo pande zote nne.

Kuni zilikatwa, mwaka ukapita, mwingine ukaingia na ukame wake. Ng'ombe hawakukaa kwenye kivuli cha mti ule. Walisimama juani wakiutazama. Kuku walikwenda kuparua pale, wakarudi upesi. Syombua, mke wa Musyoka, ambaye mume wake anafanya kazi Mlolongo na kurudi mwisho wa mwezi, hakuanika tena nguo upande huo.

"Mwaitu, tuung'oe," akasema siku moja. "Nataka kupanda ndengu hapo. Na ule mti, Mungu anisamehe, unanitazama."

"Mti hauna macho. Lete sururu tuone unakula nini."

Wakaenda saa sita mchana. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya. Wakafukua mtaro wa zamani, wakakuta vidonda vyote vimekauka, hakuna hata unywele mmoja mpya. Kasiva akachimba zaidi, chini ya kina cha mtaro, upande wa mlimani. Hapo akaukuta. Mzizi mmoja, mnene kama mkono wa mwanamke, ulikuwa umepita chini ya majembe yote. Na haukuwa unateremka kutafuta maji ya mto kama mizizi yote ya dunia hii. Ulikuwa unapanda.

Waliufuata kwa mikono. Ukapita chini ya shimo la mbolea bila kutoa tawi hata moja. Ukapita jiwe ambalo ungeweza kulizunguka, lakini wenyewe ulilipasua. Hatua ishirini na mbili, umenyooka kama mtu aliyeitwa. Ukaingia ndani ya ukuta wa tuta la zamani, mojawapo ya yale aliyochimba baba yake Wathome, lile ambalo kila mwaka huongezewa udongo juu na halichimbwi kamwe, maana ukilichimba shamba lote litashuka mtoni.

Mahali jembe halifiki.

Kasiva akaketi chini. Syombua akadhani ni jua.

"Mwaitu, unasikia hiyo?"

"Nasikia."

Sauti ilitoka ndani ya tuta, taratibu, ikinyamaza na kuanza tena, kama ya mtoto anayenyonya huku akisinzia. Syombua akainua panga akate mzizi.

"Eka!" Kasiva akamshika mkono kwa nguvu ambayo Syombua hakujua kama anayo. "Panga weka chini. Upande huu haukatwi."

Akafukua kwa vidole. Mwisho wa mzizi palikuwa na mizizi midogo maelfu, imesukwa kama kiondo, imefungwa juu, ukubwa wa kitu ambacho mama angekibeba kwa mkono mmoja. Alipoipanua kidogo hakuona mfupa wala kitambaa. Ulikuwa udongo tu, mweusi kuliko udongo wowote wa Kola, laini, umelowa, katika mwaka ambao mate yalikauka kabla ya kufika chini. Na ulikuwa na joto.

Alimweleza Syombua yote pale pale, kwa maneno machache. Syombua akashika kichwa.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki, jina. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Huyu alikuwa aitwe Mwelu. Binti aliyefuata, Kasiva alimkatalia jina hilo, akagombana na ukoo mzima, kwa kuwa hakutaka kulitamka jina la mwanamke yule ndani ya nyumba yake. Aliyezika na aliyezikwa walikuwa wakidai jina moja, na anayepewa haki ya kulitoa ni mwanamke mkubwa wa boma. Sasa mkubwa alikuwa yeye.

"Mwelu," akasema. "Wewe ni Mwelu wa Bartholomew. Umekuwa mtu."

Sauti ikanyamaza. Haikurudi tena, si siku ile wala baadaye.

Akaufunga mzizi kama alivyoukuta, akaurudishia udongo, akaukanyaga kwa upole na mguu mtupu. Kisha akamtazama mke wa mwanawe.

"Mimi mgongo umeisha," akasema. "Kuanzia msimu huu kazi ya mizizi ni yako, kwetu na kwa majirani. Pande mbili mwaka mmoja, hata mwethya wote ukucheke mpaka jioni. Miche kumi na saba iko kwenye kitalu, utaipanda kwenye mashimo ya ile iliyolala, mizizi iliyokatwa humo imeshaoza vizuri. Huu wa tisa utaukata upande wa chini na pande za kando, kwa zamu, ndengu zako zipate maji. Upande wa mlima usiuguse, na atakayekuja baada yako umwambie kwa nini. Na Musyoka akija mwisho wa mwezi, kabla hajala, utamwambia wewe kwamba yeye si kifungua mimba. Mimi sitaweza."